Mzee Lugendo, Mtangazaji Aliyeomba Radhi kwa Santuri

Baada ya kuitumikia Redio Miyombo kwa miaka ishirini na sita, Mzee Theodory Lugendo anastaafu rasmi Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Alikuja mwaka 1999 kutunza maktaba ya muziki. Maktaba yenyewe ilikuwa kabati moja lisilofunga, na ndani yake santuri ishirini na moja zilizoachwa na mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge.

Wengine tungezitupa jalalani, tusidanganyane. Ulikuwa muziki wa roki wa zamani, magitaa ya umeme na ngoma nzito, halafu ghafla okestra nzima inaingia na fidla zake na matarumbeta yake. Hapa Kilosa? Nani asikilize? Mzee Lugendo akaomba saa moja tu, Jumapili saa tisa alasiri, akaiita Turudie Santuri. Sharti lake lilikuwa moja: santuri inapigwa yote, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na hakuna kusema neno inapopigwa. Maneno ni wakati wa kuigeuza.

Basi wakasikiliza! Madereva wa malori ya miwa Kidodi walipiga simu kuuliza ni zamu ya santuri ipi. Devota, fundi cherehani wa Mikumi, alitangaza kwamba saa hiyo hashoni kola, anashona mishono iliyonyooka tu, maana fidla humpoteza.

Nami nilichangia, kwa aibu yangu. Sheria ya studio ni kwamba hewani kukiwa kimya sekunde kumi, fundi mitambo anaweka tangazo la akiba. Wiki yangu ya pili kazini, okestra ilianza kwa mbali sana, mimi nikadhani santuri imekufa. Nikabandika tangazo la dawa ya kuogeshea ng'ombe katikati ya fidla. Msikilizaji mmoja wa Mvumi akapiga simu kuusifu wimbo na kuomba kile kipande cha ng'ombe kirudiwe. Mzee Lugendo hakunisemesha hadi Jumatano.

Lakini kilichomtofautisha na watangazaji wengine ni kurudia. Alisema santuri ya namna hiyo husikilizwa mara tatu: mara ya kwanza kwa ajili ya gitaa, ya pili kwa ajili ya fidla, ya tatu kujua kama vinapatana au vinavumiliana tu. Mwaka 2004 aliiponda santuri moja hewani, akasema bendi na okestra zinagombania mlango mmoja. Mwaka 2016 akairudia, kisha akaiomba radhi santuri ile mbele ya wilaya nzima. Alikiri kwamba ugomvi ule ndio uliokuwa utamu wake, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haraka. Jamani, ni wangapi kati yetu wenye moyo huo?

Mwaka huu mambo yakawa magumu. Meneja wetu, Bi Getrude, alisema wazi kwamba asipopatikana mrithi hadi mwisho wa Mei, kipindi kitakufa na saa ile itapewa mpira. Mzee Lugendo hakula vizuri wiki hizo, tulimwona. Kila aliyetaka kiti alipewa santuri moja aende nayo nyumbani. Watatu walirudi na sifa tele, akawashukuru kwa adabu, akawaacha.

Wa nne alikuwa Lea, msomaji wetu wa bei za mazao. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha bila kupepesa macho akamwambia kwamba upande wa pili unachosha, fidla zimezidi kama sukari kwenye chai ya msibani. Mzee alinuna wiki mbili. Alibishana naye mlangoni, jikoni, hata chini ya mnara wa mitambo. Halafu akaisikiliza santuri ile upya, peke yake, na tarehe 30 Mei akampeleka kwa Bi Getrude akisema mrithi ndiye huyu.

Jumapili iliyopita Lea aliendesha kipindi peke yake, na Mzee Lugendo alibaki nyumbani, Magomeni ya hapa Kilosa. Mkewe, Mama Costancia, ametusimulia. Anasema mzee alimnyamazisha yeye mara mbili, akalalamika kwamba Lea amekosea kabisa kuhusu wimbo wa tatu, akaapa kumpigia simu. Simu hakupiga. Okestra ilipoingia alilia, naye Mama akalia. Miaka yote hiyo, kila Jumapili saa tisa, Mama Costancia alikuwa akimsikiliza mumewe redioni akiwa peke yake sebuleni. Safari hii alimshika mkono hadi wimbo wa mwisho.

Mzee wetu, asante kwa masikio yako na kwa ubishi wako. Tunakuombea afya njema, na Jumapili nyingi za kukaa hapo hapo ulipokaa.

Ulimboka, fundi mitambo