Ujumbe wa Jovithe Tulioufuta: Risala ya Wakunga wa Kusini Siku ya Kupokea Friji

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Daktari Laure, mkuu wa afya wa wilaya yetu; wakuu wa vituo; wachungaji na shehe mliotuombea; na ninyi akina mama mnaonyonyesha, mliokubali kusogea juani ili wageni wapate viti: amani iwe kwenu.

Sisi wakunga na wauguzi wa vituo vya kusini mwa Bujumbura, kuanzia Kibenga hadi Ruziba, tunakukaribisha. Umekuja kutukabidhi friji ya dawa. Hiyo hapo mbele, nyeupe, imefungwa utepe, na dawa zimeshapangwa ndani tangu asubuhi ili picha ipendeze. Tunashukuru. Tungeshukuru zaidi kama ingefika miezi mitatu iliyopita, na utaelewa sababu.

KUNDI LETU LILIVYOANZA

Kundi letu la WhatsApp, Wakunga wa Kusini, lilianza mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia Kibenga. Tulikuwa kumi na mmoja. Tuliulizana njia ipi inapitika na kituo kipi kimebaki na glavu. Maji yalipopungua tulikuwa tumefika hamsini na wawili, na fujo nazo zikaingia. Huyu anauza vitenge, yule anatuma maombi ya "peleka kwa watu kumi", mwingine anamwita mwenzake aliyesomea Uvira, ng'ambo ya mpaka, mkunga wa kuingilia dirishani. Wapo waliopokezana zamu bila kusalimiana.

Tukaweka sheria ya adabu. Kila ujumbe uanze na salamu kwa wakuu, kisha kwa wenzako, ndipo useme neno lako. Herufi kubwa ni marufuku, kwa kuwa ni kupiga kelele. Anayekosa hupewa carton rouge, kadi nyekundu kama ya mpirani: ujumbe wake unafutwa na yeye anatolewa siku saba. Tusijidanganye leo kwamba tulilazimishwa. Tuliipenda sheria hii, tena tuliipigia makofi.

MAFANIKIO

Yapo. Matusi yalikwisha. Mama mmoja wa mapacha alipata gari la wagonjwa kwa dakika ishirini tu kwa sababu mwenzetu aliandika na wenzake wakasoma. Wakuu wakakubali kuingia kundini, na wewe mwenyewe, Mheshimiwa, ukaingia mwaka jana. Tangu hapo tukawa safi kama sahani ya mgeni. Ukiandika kwamba kesho kuna mkutano, tunajibu "Bien reçu, chef", yaani tumepokea, mkuu, mara hamsini. Wilaya nyingine ziliomba nakala ya sheria zetu, nasi tukazituma kwa majivuno.

CHANGAMOTO

Sehemu hii ilikuwamo katika nakala tuliyoituma ofisini kwako wiki iliyopita. Ilirudi imekatwa kwa kalamu nyekundu. Tumeirudisha.

Kuna sindano tunayomchoma mama akishajifungua, ili damu isimame. Dawa yake inataka baridi; ikipata joto inabaki maji tu, na kwa macho huwezi kujua. Friji ya zamani, ambayo vituo vyetu vyote vilichukulia dawa hiyo, ilizimika Jumamosi ikakaa hivyo hadi Jumatatu. Aliyeikuta imezimika aliiwasha, akanyamaza. Dawa ikagawiwa.

Jumatano asubuhi mwenzetu Jovithe, mwenye miaka kumi na tisa katika kazi hii, aliwachoma wazazi wawili na damu haikusimama. Aliwaokoa kwa kuwakanda tumbo kwa mikono yake hadi mikono ikafa ganzi. Kisha akavua glavu, akaandika kundini:

"MUSICHOME ILE DAWA YA DAMU YA KARTONI YA JUMATATU! ILIPATA JOTO. WAMAMA WAWILI NIMECHOMA, DAMU INAKATALA KUSIMAMA."

Hakusalimu wakuu. Hakusalimu wenzake. Aliandika kwa herufi kubwa. Msimamizi wa kundi akajibu: "Collègue, hapa tunasalimiana kwanza. Carton rouge." Ujumbe ukafutwa, Jovithe akatolewa. Chini ya maneno ya msimamizi tukaweka vidole gumba arobaini na kimoja. Tumevihesabu, maana kwa miezi mitatu hatukuwa na kazi nyingine. Kimojawapo, Mheshimiwa, ni chako.

Jovithe alimpigia simu mkuu wake. Akaambiwa aandike ripoti, ipite ngazi kwa ngazi. Aliwapigia wenzake watatu. Hawakupokea, kwa kuwa anayeongea na mwenye carton rouge huonekana naye hana adabu. Sisi tuliokuwa tumeusoma kabla haujafutwa tuliziweka pembeni kartoni zetu, kila mtu kwake, kimyakimya. Hilo ndilo linalotuuma kuliko yote. Tulijua.

Chanelle, wa kituo kingine cha kando ya ziwa, alifungua simu baada ya zamu akakuta maandishi kwamba ujumbe umefutwa. Alimwuliza mmoja wetu kwa faragha, "Walifuta nini?" Akajibiwa, "Apana, ni mambo ya adabu tu."

Alhamisi alikuja kwake Fabiola wa Ruziba, muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa mimba yake ya tatu. Alijifungua vizuri, mtoto wa kike, akamcheka Chanelle kwamba amevaa aproni kinyume. Chanelle akachoma sindano. Damu haikusimama. Akachoma ya pili, kutoka kartoni ileile. Fabiola alikufa saa tisa mchana, soko likiwa bado wazi. Chanelle ameturuhusu tumtaje. Tangu siku hiyo hajamgusa mzazi. Anaandika majina mapokezi.

Picha ya ujumbe wa Jovithe, iliyopigwa kabla haujafutwa, ikatoka nje ikazunguka mji. Ndipo barua ya ofisi yako ikamsimamisha kazi kwa kutoa siri za kazi na kwa lugha isiyo ya heshima. Picha hakuitoa yeye. Aliyeitoa amekaa kati yetu hapa, na hajasema. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi kifo kilimwumbua mwingine.

MAOMBI

Jovithe arudishwe kazini, kwa barua kama ile iliyomwondoa, isomwe pale iliposomwa ile. Hata leo ile barua ya kwanza inamkataza kuvuka geti hili. Ameketi nje, kwenye benchi la wagonjwa.

Tunaomba utuachie tubadili sheria: hatari itangulie, salamu zifuate. Wala hatutaki matusi yarudi. Ila mtu akipiga kelele, tumwulize kwanza moto uko wapi. Na wewe, Mheshimiwa, ukiuona ujumbe wa namna hiyo, tunaomba uulize swali. Kidole gumba hakitoshi.

NYONGEZA

Haya hayamo katika nakala uliyopewa. Nimeyaandika kwa kalamu nikiwa nimekaa pale, nikisubiri zamu yangu.

Mimi ninayesoma ni Népomuscène, msimamizi wa kundi. Mimi ndiye niliyefuta. Siku zake saba ziliisha zamani, nami sikuthubutu kumrudisha; asubuhi hii nilimrudisha Jovithe kundini bila kumwuliza mtu. Ujumbe wake wa kwanza, kutoka nje ya geti, alipoona picha ya friji tuliyoituma kundini, ni huu: "Prize ya friji mumeweka micro. Dawa ziko ndani. Chomoa."

Hakusalimu.

Niligeuka nikatazama. Ni kweli. Chumba hiki kina prize moja tu, tundu moja la kuchomekea umeme, na limechomekwa kipaza sauti hiki. Friji hii imesimama bila umeme tangu saa mbili, na joto hili. Nikatazama wenzangu, nikaona kwa macho yao kwamba wengi walishaona. Hakuna aliyesema, kwa kuwa mgeni alikuwa anaingia na wimbo ulikuwa haujaisha. Nami nimeusoma ujumbe huo tangu sala ya ufunguzi. Niliogopa kukatisha shughuli. Nikakaa, nikaandika, nikasubiri, kisha nikakusomea kurasa nne. Fabiola yuko kaburini na mimi bado nasubiri zamu yangu.

Dawa zilizo ndani zisigawiwe hata moja. Tafadhali, Jovithe aitwe aingie na kipimajoto.

Mungu ampokee Fabiola, amkuze binti yake, atusamehe vidole vyetu. Baraka zilizobaki nitazitamka kwa mdomo mtupu, wasikie walio karibu. Kipaza sauti nakichomoa sasa.

Ni sisi, Wakunga wa Kusini.