Mzee Zablon Ogola na Nzohe wa Mafunjo ya Kusa

Wasifu huu unasomwa kabla ya jeneza kushushwa, kwa sababu Mzee Zablon Ogola aliagiza usomwe wanaume wakiwa bado wamesimama hapa. Alijua kwamba baada ya mazishi tutachukua ng'ombe, mikuki na mbwa kwenda kufukuza kifo, kama ilivyo desturi yetu, na kwamba njia yetu siku zote imepita katikati ya mafunjo. Aliomba safari hii isipite huko. Sababu yake imo katika maisha yake.

Mzee Ogola alizaliwa mwaka wa 1907 hapa Kusa, Nyakach, mtoto wa tatu wa marehemu Nyangweso na marehemu Apiyo. Wakati huo mafunjo yalianzia nyuma ya boma na kwenda hadi ziwani bila kukatika. Ndani yake waliishi nzohe, swala wenye kwato ndefu wanaotembea juu ya matope, ambao wakiona hatari huzama majini wakaacha pua tu nje. Katika ujana wake marehemu aliwawinda kwa nyavu, na aliwawinda vizuri. Hakulificha jambo hilo, wala sisi hatulifichi.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1917 hadi darasa la nne, akabatizwa mwaka wa 1921. Mwaka wa 1925 aliajiriwa na reli mjini Kisumu kutia mafuta mabehewa, na baadaye akawa msimamizi wa kikosi chake. Hakunywa pombe kazini. Alistaafu Desemba 1961, akarudi nyumbani mvua kubwa ikinyesha.

Mwaka uliofuata ziwa lilipanda. Maji yalichukua mashamba, na mafunjo yakang'oka vipande vipande yakaelea mbali. Nzohe walikimbilia nchi kavu, ambako kwato zao haziwasaidii, na watu wakawapiga kwa rungu kama wanaovuna. Lazima isemwe kwamba waliofanya hivyo walikuwa watu wa kanisa, na wengine wamesimama hapa leo.

Asubuhi moja ya Aprili 1962 nzohe jike aliingia kwa lango la Mzee Ogola akasimama kati ya mbuzi, akitetemeka. Jirani yake, Ong'ondo, akafika na wenzake na mbwa.

"Ogola, toa nyama hiyo! Au reli ilikushibisha?"

"Amepita langoni mwangu. Ni mgeni."

"Mgeni gani ana mkia?"

"Wewe jana ulikunywa chai yangu hapa. Nilikuuliza habari za mkia?"

Watu walicheka, Ong'ondo mwenyewe akacheka, na kicheko hicho kikamwokoa mnyama. Huku kwetu mtu haingii lango la mwenzake na mkuki bila ruhusa. Yule jike alikaa na mbuzi hadi mvua ilipokatika, kisha akarudi mwenyewe kwenye mafunjo yaliyobaki. Marehemu alisema kwamba alimtazama akienda, akaona haya kwa nyavu zote alizowahi kuzitega.

Alikuwa amemwoa Selpha, binti wa Mzee Nyangoro wa Kabodho, mwaka wa 1935, na ndoa yao ikabarikiwa kanisani. Mama Selpha ni mfumaji wa mikeka, na yeye ndiye aliyejua nzohe wanazalia wapi. Waliyoyafanya wawili hao hayakuhitaji bwana mkubwa wala gari la serikali. Wafumaji walikubali kukata mafunjo ya upande wa mashamba tu na kuacha yale ya upande wa maji. Wakati wa kiangazi hakuna aliyechoma. Majike walipokuwa na watoto wachanga, kila nyumba ilifunga mbwa wake. Walichekwa sana. Mwanamke mmoja alimwambia Mama Selpha kisimani, "Mumeo ameoa swala!" Naye akajibu, "Mke mwenza asiyeomba sukari, mwache akae."

Kwa miaka kumi mlio wa nzohe ulisikika hapa kila alfajiri, kama kubweka kwa mbwa aliyekauka koo. Marehemu aliusikiliza kabla ya kusali. Kisha tulichoka kuwa wema. Kuanzia 1974 watu walichoma ili wapate shamba jipya, na mbwa wakafunguliwa. Mwaka jana serikali ilipiga marufuku uwindaji, lakini sheria haiishi kwenye mafunjo. Tunaoishi hapo ni sisi.

Januari mwaka huu aliugua kifua. Alilazwa hospitali mjini Kisumu, akarudishwa nyumbani Julai. Kila kulipopambazuka aliuliza, "Selpha, umesikia?" Naye alijibu, "Bado." Mkaza mwana wao, Seline, alishindwa kuvumilia.

"Mama, mwambie tu ndiyo, apate usingizi."

"Nimeishi naye tangu 1935 bila kumdanganya. Nianze sasa amelala hajiwezi?"

Alifariki Jumanne, tarehe 19 Septemba 1978, alfajiri, akiwa amegeuzia uso wake dirisha la upande wa ziwa.

Jana familia ilikutana. Mwanawe mkubwa, Barnaba, alikuwa na uchungu. "Mama, tukipita barabarani watu watasema baba amezikwa kama mtu asiye na wana."

"Watakaosema waje kwangu," alisema Mama Selpha. "Wewe baba yako alikuomba neno moja tu."

Asubuhi hii Barnaba amefunga mbwa wake kwenye nguzo ya ghala. Kwa hiyo ng'ombe watapita barabara ya Katito, na wageni wote waliokuja na mbwa wanaombwa kuwafunga sasa, si baadaye. Desturi haipungui kwa kubadilisha njia.

Mzee Ogola ameacha mjane, Mama Selpha, watoto wanne, Barnaba, Agneta, Yunia na Hezron, wajukuu wengi, na dada yake Dorka wa Luanda Kotieno. Ameacha pia mafunjo ya upande wa maji, ambayo hatujui kama bado yana mwenyewe. Atakayesikia mlio huo alfajiri yoyote, hata mara moja, aje amwambie Mama Selpha. Huwa ameamka.

Mungu amlaze Mzee wetu mahali penye utulivu.