Mikono Mia Mbili ya Kushoto na Mkasi wa Bi Madhuben

Miaka thelathini na minne Bi Madhuben amesimama kwenye meza ya kukatia hapa karakana yetu ya sare za shule, mtaa wa Gerezani. Ijumaa hii, tarehe 29 Mei 2026, anastaafu. Ilikuwa astaafu mapema zaidi, akaahirisha mara mbili. Hilo nitalifikia.

Alianza kwa kuokota vipande sakafuni, akapanda hadi mkataji mkuu. Kwao ni Wahindu, lakini siku moja alikuja mtawa wa Kibudha kushonesha joho. Alitaka kitambaa kizima, kizuri, kikatwe vipande kisha viunganishwe tena. Bi Madhuben akaja juu: "Baba, huo si wazimu?" Mtawa akacheka. Akamweleza kwamba joho la viraka halimtamanishi mtu. Tamaa huzaa kung'ang'ania, na kung'ang'ania huzaa maumivu. Hakuna kinachotokea chenyewe. Ondoa sababu, na lililotokana nayo linaondoka.

Tangu hapo swali lake likawa moja: "Hii imetokana na nini?" Tulimchoka! Sindano ikivunjika, swali. Chai ikichelewa, swali.

Ila ndilo lililoniokoa. Mwaka juzi, wiki moja kabla shule hazijafunguliwa, nilitandika kitambaa cha makoti, kile chenye uso na mgongo, tabaka zote zikiangalia upande mmoja badala ya uso kwa uso. Nikakata mikono mia mbili, yote ya kushoto. Bosi wetu, Alpesh, akaniambia nikusanye vitu vyangu. Bi Madhuben akamkalisha. Mikono imetokana na kutandika vibaya. Kutandika vibaya kumetokana na usingizi. Usingizi umetokana na mtoto wangu anayeumwa masikio. Na kosa halikuonekana kwa sababu nilikuwa peke yangu mezani. "Mtoto huwezi kumfukuza, Alpesh. Kata hapo kwenye kuwa peke yake." Tangu siku hiyo hatandiki mtu bila mwenzake kukagua. Nikabaki. Jina la Mama Kushoto nalo likabaki.

Lakini mganga hajigangi. Mkasi wake hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Mwezi wa pili mwaka huu nikamwuliza, kwa upole ila sikumwachia: "Mama, na huku kuahirisha kumetokana na nini?" Akanuna mpaka saa ya chai. Kisha akasema anaogopa meza itaharibika. Kwa nini iharibike? Hajamfundisha mtu. Kwa nini hajafundisha? Kaung'ang'ania mkasi. Akacheka hadi miwani ikamdondoka. "Joho la mtawa nimelikata, langu bado!" Kesho yake akaniwekea mkasi mkononi.

Sasa nakata mimi, yeye anakagua, mikono nyuma kama msimamizi wa mtihani. Kila nikitandika naangalia mara mbili, maana Jumatatu hatakuwepo. Jana nikamwambia naogopa. Kwa mara ya kwanza hakuuliza swali. Alibeba mkoba wake akawahi basi la mwendokasi, na mkasi ukiwa wazi mezani hakugeuka kuuangalia.

Asante, Mama. Meza tunayo, wawili wawili kama ulivyotaka. Nenda ukiwa mwepesi, na Mungu akupe afya na siku ndefu.