Jina Ambalo Baba Alilifuta kwa Tupa

Ndugu zetu, majirani wa Osafune, na wenzake Baba mliokaa naye miaka yote kwenye mikutano ya kukagua panga za kale, mimi ni Chinami, binti yake, mtoto wa mwisho, nasoma mimi na si kaka yangu Motoharu kwa sababu marehemu mwenyewe alitaka hivyo, na nikisoma mbio mnisamehe, mtoto yuko mgongoni, ana miezi minne, akiamka tutakuwa wawili wa kusema.

Baba yetu, Tokunaga Yasuhiko, alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 hapa hapa Osafune, nyumba ya tatu kutoka mtoni, akiwa mtoto wa nne wa mzee Tokunaga Isao, mnoa majembe, akaanza shule ya msingi mwaka 1957 na kumaliza sekondari mjini Okayama mwezi Machi 1969, ambako walimu walimwandikia kwamba ana akili lakini macho yake yako dirishani, jambo alilolikataa mpaka uzeeni, akisema alikuwa anatazama kisu cha mpishi wa shule, na kwamba kisu kile kilinolewa vibaya hata mtoto angelia.

Aprili mwaka huohuo aliingia kujifunza kazi kwa mzee Nishigori, muuza panga za kale, ambaye kwa miaka mitatu hakumruhusu kushika upanga hata mmoja, alimpa mabamba ya chuma ya kukinga mkono ayafute vumbi, yenye michoro ya korongo, ya biringanya, ya mawimbi, mamia kwa mamia, mpaka akaweza kufumba macho na kukwambia kwa kidole tu bamba ni la karne gani. Ndipo akafundishwa kutazama, kwanza umbo, halafu chuma, halafu ule mstari mweupe wa makali, na mwisho kabisa shina, ile sehemu inayojificha ndani ya mpini, ambapo fundi hukata jina lake, na ambapo kutu haiguswi kamwe, kwa sababu kutu ya shina ndiyo umri wa upanga. Kwenye mikutano shina hufungwa kitambaa, kila mtu anaandika kwenye kikaratasi jina la fundi anayemdhania, na Baba alipata kwa kikaratasi cha kwanza mara nyingi kiasi kwamba Bwana Hamuro, ambaye yuko hapa, alimwambia mbele ya wote, "Yasu, tuachie hata mmoja, sisi nasi tumelipa nauli ya treni."

Alifungua duka lake Mei 1978, na tarehe 18 Oktoba 1980 akamwoa mama yetu, Fumie, binti wa mchonga ala za panga, wakajaliwa Motoharu mwaka 1982 na mimi mwaka 1996, na Mama akatutangulia mwaka 2017. Julai mwaka huu nilipojifungua, nilimpelekea mjukuu hospitalini alikolazwa, akamshika kama alivyozoea kushika upanga, mkono mmoja chini mmoja juu, akamgeuza kwenye mwanga, akasema umbo ni la ukoo wetu, ngozi safi, masikio ya Fumie, cheti natoa leo. Wauguzi walicheka, nami nilicheka, na wakati huo sikujua ana nini moyoni.

Sasa nafika mahali ambapo aliniagiza nisiruke.

Tarehe 6 Juni 1988 Bwana Kuwabara Tadayoshi, mkulima wa mpunga wa ng'ambo ya mto, alimletea Baba upanga mfupi wa ukoo wake, shina lake limekatwa jina la Kagesada, fundi wa zamani wa hapa petu, naye Bwana Kuwabara alikuwa akisema siku zote kwamba babu zake waliupokea mkononi mwa fundi huyo, katika mwaka wa mwisho wa maisha ya fundi. Baba alibana karatasi midomoni, kama wanavyofanya wote ili pumzi isiguse chuma, akatazama muda mrefu, kisha akaitoa na kusema chuma ni kizuri lakini jina ni la bandia, kwa sababu mkato wa mwisho wa jina umeanzia chini kwenda juu, na Kagesada alikata kutoka juu kwenda chini, maisha yake yote. Mnajua ninyi wa kazi hii kwamba upanga mzuri wenye jina la bandia haupewi cheti, na kwamba wenye nao huambiwa walifute jina, upite kama upanga usio na jina. Bwana Kuwabara akasema, "Mwenye macho ni wewe. Futa." Baba akachukua nakala ya shina kwa karatasi na wino, kama alivyofanya kwa kila upanga, kisha akashika tupa akalikwangua jina, yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alikuwa na miaka thelathini na saba na hakuna aliyewahi kumwambia amekosea.

Upanga ulipata cheti. Bwana Kuwabara hakuja tena mkutanoni, na huko dukani kwa tumbaku watu walimwuliza kama babu zake wamekumbuka sasa waliununua wapi, wakamwita Bwana Bandia, na alipofariki mwaka 2003 kuna waliolisema jina hilo hata kwenye maziko yake.

Novemba 2009 Baba alikwenda Kanazawa kukagua panga za nyumba moja ya kale, akafungua shina moja, la Kagesada, limekatwa jina pamoja na tarehe kabisa, mwaka ule wa mwisho wa fundi, kutu yake haijaguswa na mtu, na mkato wa mwisho wa jina ulitoka chini kwenda juu, sawasawa na ule alioufuta. Alirudi nyumbani akalala siku mbili akisema ni mafua. Alinyamaza miaka kumi na mitano. Jina haliwezi kurudishwa kwenye chuma, ukilikata upya ndiyo bandia yenyewe, na ushahidi uliobaki ni ile nakala ya wino, ambayo aliificha chini ya droo ya mabamba.

Februari mwaka huu madaktari walimkuta na saratani ya kongosho, akalazwa Okayama, akarudi, akalazwa tena, na tarehe 22 Septemba alinituma nikaitoe ile karatasi, nikamletea, mtoto ananyonya, akasema, "Chinami, mimi nilimfuta mtu. Nikifa usome haya mbele ya watu, mjane wake, Mama Kuwabara, akiwa amekaa hapo." Nikamwambia basi umwite umwambie mwenyewe, akageuza uso ukutani, na hilo nalisema kwa sababu ni kweli, Baba aliogopa, kama ninavyoogopa mimi sasa hivi. Alifariki tarehe 14 Novemba 2024, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Motoharu.

Kaka yangu ndiye anayeendesha duka, na juzi aliniambia kwa upole kabisa, "Watu wamejaza makabati yao panga kwa neno la Baba. Ukisoma hayo, kila mmoja wao atarudi nyumbani afungue sanduku lake kwa wasiwasi." Nawaona hapa mliokuja na mavazi meusi na najua mna karatasi zenye mwandiko wake, na mtoto huyu na wa kaka wanakula kwa duka lile. Jana tulipomlaza Baba jenezani Motoharu aliiweka ile nakala chini ya mikono yake ili iungue naye mwili utakapochomwa. Niliitoa. Aliniona nikiitoa, akalinyoosha blanketi pale lilipokunjika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya ghorofa ya tano, majirani mliopika na kupokea wageni, Bwana Hamuro na wenzake wa mikutano, na mtawa wetu aliyemwombea.

Mama Kuwabara, uliyeketi safu ya tatu, mumeo alisema kweli. Upanga ulikuwa wa Kagesada, babu zake waliupokea kama alivyosema, na aliyekosea ni baba yangu. Nikimaliza mstari huu nashuka kukukabidhi karatasi hii kwa mikono miwili, na jina limo, mkato wa mwisho unatoka chini kwenda juu, ukipenda kutoipokea nitakaa nayo miguuni pako.

Pumzika, Baba, nimesoma yote.