Unga wa Majani ya Mpera

Sogeeni wanangu, Dominika na wewe Abel, ila wewe Abel keti pale mlangoni, maana kukuona tu kunanitia kichefuchefu, na mimi sina tena pumzi ya kupoteza kwa kutapika.

Tanuru lile lilikuwa la babu yangu, aliyeyeyusha chuma na kufua majembe hapa kijijini Pito mpaka majembe ya dukani yakamwachisha kazi, na mimi nikalirithi bila kujua litanifaa nini, hadi Herieth, yule mtaalamu wa samaki, alipokuja na chumvi yake ya zinki, tukaichemsha na majani ya mpera, tukaukausha uji wake, tukauchoma, ukatoka unga laini kupita poda, unaoua vijidudu vya vidonda vya perege. Mliona wenyewe: ukiwa wa moto ni wa njano, ukipoa unakuwa mweupe. Kwa rangi hiyo niliwaapia majirani wote kwamba unga wangu ni halisi.

Sasa sikia, Abel. Juzi Luciana, mjane wa watu, alikuja na pakiti uliyomuuzia kwa jina langu, akilia kwamba perege wake wote wanaelea matumbo juu. Nikamwambia Dominika aukaange unga ule mbele yako, nikangoja njano. Ukabaki mweupe. Chokaa! Chokaa ya kupaka ukuta umemtilia bwawani mama aliyekubeba mgongoni ulipougua surua! Na hukuona haya, ukanijibu, "Baba, siku hizi ni soko huria." Phu! Nimeona wezi wa ng'ombe wenye soni kuliko wewe.

Kwa hiyo sikilizeni. Tanuru na mipera yote ni ya Dominika, na wazee wa ukoo wakinung'unika kwamba ni mtoto wa kike, waambieni nilisema nikiwa na akili zangu. Dominika mwanangu, usimuuzie mtu unga kabla hujamwonyesha njano yake. Shamba la ulezi mgawane sawa. Sikunyimi chakula, Abel.

Lakini jeneza langu... nipeni maji kidogo... jeneza langu usiliguse kabla hujaingia bwawani kwa Luciana ukawatoa samaki wale waliooza, mmoja mmoja, kwa mikono yako, ukawafukia. Kisha uje hivyo hivyo... usinawe. Dominika, akifika ananuka, mpisheni... abebe mbele. Mungu awa... awalinde nyote wawili. Hata yeye.