Skrubu za Kuchangiana

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya kupanga, upande wa barabarani, na nyuma ya ukuta huo, ndani, ndipo anapolala mtoto. Hilo la kwanza. La pili, runinga iliyotundikwa jana juu ya godoro la huyo mtoto imeshikwa na skrubu nne zisizo na undugu wowote, maana zile za kwenye boksi zilipotea kabla boksi halijafika nyumbani, na wanakijiwe, kwa upendo wao, wakachanga. Fundi anayeitwa Baiskeli, kwa sababu ndizo anazotengeneza, akatoa mbili. Injinia akatoa moja. Huyu si injinia, jina amelipata kwa kuvaa kofia ya ujenzi hata siku za mapumziko. Ya nne ikatoka kwenye kopo la Babu Saa, mzee wa kurekebisha saa. Baba mtoto akazizungusha mpaka viganja vikamuuma, akasema imeshika hiyo, akalala, na asubuhi akaenda kazini. Asiyelala ni mama mtoto.

Sasa alitoka nje, mtoto begani, kiganja kimoja amekifumba. Birika la kahawa ndiyo kwanza lilikuwa linazunguka.

— Shikamoo, babu. Hamjambo, shemeji zangu.

— Marahaba, mama, alisema Babu Saa. Mbona uso umekushuka?

— Ni hii. Akafumbua kiganja: vumbi jeupe na vichembe vya lipu. Nimelikuta kwenye shuka, nikalikung'uta, nikageuka kuwasha jiko, kurudi lipo tena, nikatazama juu nikaona kile chuma kinachoshika runinga kimeachana na ukuta, kidogo tu, lakini jana hakikuachana, naapa jana hakikuachana, na mtoto analala hapohapo, huku mlango, huku kabati, nimlaze wapi mimi?

— Pumua kwanza, shemeji, alisema Baiskeli.

— Sipumui mpaka mtu aje aangalie.

— Upande gani? aliuliza Injinia.

— Wa nini?

— Uliolegea.

— Kushoto. Juu.

Watatu wakatazamana. Kushoto juu ilikuwa skrubu ya Babu Saa.

— Msinitazame mimi, alisema mzee. Yangu ilitoka kwenye saa ya ukutani. Imeishi ukutani maisha yake yote, ukuta inaujua. Za huyu ndizo zilizozoea kuzurura barabarani.

— Za kwangu zilibeba tandiko, babu, alisema Baiskeli. Juu ya tandiko mtu, nyuma ya mtu gunia. Runinga siku hizi ni nini? Sinia tu.

— Skrubu ya baiskeli ina meno ya kuuma chuma, Injinia akadakia. Ya ukutani inataka meno mapana, tena itanguliwe na kile kiganda cha plastiki.

— Wewe ulitoa kiganda?

— Nilitoa ushauri.

Wakacheka. Mama mtoto akamhamishia mtoto bega la pili. Tangu alfajiri hajamweka chini, na mkono umeanza kufa ganzi.

— Jamani, kuna mtu anakuja?

— Tunakuja, mama, tulimalize hili kwanza, alisema Injinia, na akamimina kahawa. Hilo vumbi lisikutishe. Ni dalili njema. Ukuta ukipewa mzigo mpya unatoa vumbi kwanza, unajikaza, kama mtu anavyotoa jasho.

— Mtu akitoa jasho sana anautua mzigo, shemeji.

Injinia akaipuliza kahawa yake.

— Mnahangaika na skrubu bure, alisema Babu Saa. Jana mlitazama nini?

— Mpira. Mume wangu alitaka kuijaribu.

— Basi! Watu wazima timu mbili wanakimbia kushoto, kulia, kushoto, kulia, halafu unataka kushoto juu pakae? Weka taarifa ya habari. Mtu mmoja, tena amekaa.

— Na hali ya hewa? aliuliza Baiskeli.

— Hali ya hewa hapana. Ina upepo.

Baiskeli akaangua kicheko, akajitupa nyuma, mgongo ukapiga ukuta kama anavyoupiga kila siku. Ndani kitu kikalia, kk, kama jino linalong'olewa. Wao hawakusikia. Mama mtoto alisikia, na ilikuwa sauti ileile ambayo usiku kucha alidhani inatoka juu, kwenye chuma.

— Shemeji, alisema, huu ukuta una nini ndani?

— Una nini kivipi?

— Ndani yake. Tofali? Mbao? Mnauegemea kila siku, nyinyi si ndio mnaujua.

Injinia alifungua mdomo, akaishia kuiweka kofia sawa. Baiskeli aligeuka akaupapasa kwa kiganja kama anauona leo. Babu Saa alifikiri sana.

— Ni ukuta, alisema.

Mama mtoto akaenda mwisho wa benchi, akagonga kwa kidole. Pagumu, kidole kikauma. Akasogea, akampita Injinia, akampita mzee, mpaka pale mgongo wa Baiskeli ulipoacha doa la grisi. Akagonga. Pakalia kama kreti tupu. Akagonga juu, akagonga pembeni, na utupu ule ulikuwa na kingo zake nne, mraba, kama dirisha lililozibwa kwa ubao likapakwa lipu na kusahauliwa, palepale ambapo kwa ndani runinga ilitundikwa.

Babu Saa alikuwa wa kwanza kuweka kikombe chini.

Ndani, Baiskeli na Injinia waliikinga runinga kwa chini, mzee akapokea mtoto. Skrubu ya kushoto juu mama mtoto aliitoa kwa vidole viwili. Ilitoka kama sindano kwenye kitambaa. Zilizobaki hazikuitoa bisibisi jasho. Hakuna aliyeuliza ipi ni ya nani. Runinga ikawekwa sakafuni, uso umeangalia kabati, shuka likatandikwa upya, na mtoto akalazwa.

Baba mtoto aliporudi jioni aliwakuta wote watatu benchini, migongo imenyooka kama watoto wa darasa la kwanza, hakuna aliyeegemea.

— Vipi tena, kuna nini? aliuliza.

— Kamuulize mkeo, alisema Injinia.