Nyumba Ambayo Hakuna Aliyethubutu Kuikaribia

Sikilizeni wanangu, Nicodemo, Tadei na wewe Perpetua, sogeeni, maana tangu jana nimeduwaa, sijui kinachoniua ni ugonjwa huu au ni maneno niliyoyasikia pale mlangoni. Jamani, Nicodemo! Umemfukuza Joakimu wa Dongobesh aliyekuja kumposa binti yako Benedikta, ukasema nyumba yetu haichanganyi damu na wajukuu wa watumwa. Nyumba hii? Usitukane wakunga, mwanangu, na uzazi ungalipo.

Baba yenu alipokufa, Mjerumani ameshaondoka na Mwingereza bado hajazijua njia zetu, nilitengwa kwa desturi ya metimani, mwaka mzima, jirani asikanyage uani kwangu wala mimi nisichote maji yao. Ndipo akaingia mwanamke mtumwa aliyemtoroka tajiri wake. Alikuwa mgeni, hakuujua mwiko, nami sikumwambia. Waliomfuata walifika mpaka uani, majirani wakawapigia kelele kwamba humo mna kifo, wakageuka mbio. Kumbe mwiko ule ni ngao! Mwaka ule niliwaficha watu kumi na mmoja, na Gidahosh, mfugaji wa Mogitu, akawapitisha katikati ya ng'ombe wake mpaka mlimani Hanang. Bibi yake Joakimu alikuwa mmoja wao. Niliuvunja mwiko wa wazee, niliogopa mno, na sijutii.

Yule wa kwanza alikuja na mtoto mgongoni, anawaka homa, safari haiwezi. Akaniachia, akasema atarudi. Hakurudi. Mimi nilikuwa na wawili, wadogo kama yeye. Msiba ulipoisha nikahamia huku Nambis nisikojulikana, nikasema ninao watatu.

Usiniulize ni yupi, Nicodemo. Usinitolee macho! Nilimwapia mama yule kwamba mwanawe hatabaguliwa, na kiapo hicho ninakufa nacho.

Shamba ligaweni mafungu matatu sawa, asizidi mtu hata tuta moja. Kesho, Nicodemo, nenda Dongobesh kwa miguu yako, uwaamkie wazee wake shikamoo, uwaombe radhi, umrudishe kijana. Ukimkataa kwa ajili ya bibi yake, basi mmoja wenu hana haki ya kunizika, na hamtajua ni nani.

Perpetua, niinue... pumzi inakatika. Mungu awape mvua ya kiasi, awape wajukuu... Jamani, mbona mnatazamana hivyo? Acheni... Acheni kutazamana, wanangu...